Kwa Ngwali, Safu ya Pili, wa Tano

Msahafu ulitolewa ndani umefungwa kwa kitambaa cheupe, na Bi Kazija hakuukabidhi mpaka amemhoji kwanza huyo aliyekuja kuhoji.

"Una udhu?"

"Ninao, Bi Kazija."

"Wa tangu lini?"

"Wa alfajiri. Sijauharibu."

"Askari huyu!" alisema bibi, kama kwamba kazi yenyewe inatengua udhu, lakini akampa.

Sajini Shaame alikuwa askari kanzu wa Wete, mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye baiskeli ambayo wezi wa karafuu waliijua kwa mlio wa mnyororo wake kabla hawajamwona mwenyewe. Kilichomleta mtaa wa Jadida Alhamisi ile ya Oktoba 1960 hakikuwa wizi wala damu. Alikuja kwa ajili ya Jaribu bin Pandu, mchukuzi wa magunia, mwana wa pekee aliyembakia bibi huyu. Mwezi wa saba Jaribu alikamatwa katika vurugu za vyama pale sokoni, akafungwa miezi mitatu, akaimaliza. Siku ya kutoka hakutoka. Ndani ya faili lake kulikuwa na barua: wazee wake watu wa bara, cheti cha kuzaliwa hana, basi si raia wa Sultani na arudishwe kwao kwa meli itakayoondoka Wesha Jumapili. Kwao wapi, barua haikusema. Jaribu aliapa kwamba hajapata kuliona bara tangu aanze kujijua. Mkewe Khairiya na watoto wake watatu walikuwa hapo hapo Jadida, mlango wa pili kutoka kwa mamake.

Hakimu alimwita Shaame akamwambia maneno machache. "Ukinithibitishia kwamba kazaliwa Pemba, nitamfungulia mlango mwenyewe. Lakini usiniletee hadithi, Sajini. Niletee mahali. Jumamosi saa tano."

Basi Shaame alikaa kitako mkekani, akafungua. Kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo marehemu Mzee Pandu alikuwa ameandika watoto wake kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri, wino umegeuka rangi ya kutu. Watoto watatu, na kila mmoja ana tarehe yake na anwani yake.

"Mjaka," alisoma Shaame kwa sauti. "Kwa Ngwali, safu ya pili, wa tatu."

"Mungu amrehemu. Hakufika mwaka."

"Siti. Saba Ramadhani, elfu moja mia tatu na arubaini na tano. Kwa Ngwali, safu ya pili, wa nne."

"Siti naye kafa na uzazi, mwanangu. Soma wa Jaribu."

"Jaribu. Ishirini Rajabu, arubaini na nane. Kwa Ngwali, safu ya pili, wa tano." Aliinua kichwa. "Nani huyu Ngwali?"

"Tajiri wake marehemu, Kiuyu. Keshakufa zamani."

"Na hii safu ya pili ni nini?"

"Miye nijue wapi? Sijui kusoma. Kaandika mwenyewe, kafunga mwenyewe, na kila akiandika ananiambia nisimsemeshe."

"Mlikuwa na nyumba hapo kwa Ngwali?"

"Nyumba? Sisi?" Bi Kazija alicheka, meno mawili tu. "Mwaka huu tuko Kiuyu tunapalilia, mwaka ujao Wesha tunabeba mizigo ya watu. Kibanda cha makuti, ukiinuka unajipangusa unaondoka."

"Lakini Jaribu ni wa Kiuyu."

"Mtu wa Kiuyu hasa! Kiuyu ndiko kwao. Nenda kamuulize umtakaye."

"Kwa hiyo wakati wa kujifungua, ulikuwa nyumba ya nan..."

Hakuimaliza. Bi Kazija alikuwa ameshavuta kanga mpaka puani, macho yamemtoka.

"Mambo hayo unaniuliza weye? Uliye sawa na mwanangu?"

"Nisamehe, Bi Kazija."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mwambie Bi Kazija anamsalimu, na anauliza kakulea vipi."

Shaame aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Askari wa kizungu angeliuliza swali hilo mara mbili, tena kwa sauti ya juu, na angelipata jibu au asingelipata. Shaame kazaliwa Pemba na kalelewa Pemba. Mambo ya chumba cha uzazi ni ya wanawake na wakunga, na mwanamume anayeyachungulia hana adabu. Akanakili mistari ile mitatu katika kijitabu chake, akakisia kwamba arubaini na nane ya Jaribu ni ishirini na tisa ya kizungu, akaufunga msahafu katika kitambaa chake, akaurudisha kwa mikono miwili.

"Nimshonee kanzu?" aliuliza Bi Kazija alipomsindikiza mlangoni, hasira imekwisha. "Atoke na kanzu mpya?"

"Ngoja kwanza, mama. Ngoja nipate mahali penyewe."

*

Mahali pa kuanzia palikuwa karibu mno hata akajishuku. Jadida yenyewe ilikuwa na Ngwali mwingine, aliye hai, fundi cherehani, na nyumba yake ilikuwa katika safu ya pili kutoka barabarani. Shaame alihesabu milango. Wa tano ulikuwa wa Ngwali.

"Nyumba hii umeijenga lini, fundi?"

"Baada ya vita, Sajini. Arubaini na sita. Kuna nini?"

"Kabla yake palikuwa na nini hapa?"

"Mihogo."

"Na weye mwaka wa ishirini na tisa ulikuwa wapi?"

"Chuoni, nachapwa bakora. Kwani nimefanya nini mwaka wa ishirini na tisa?"

Shaame alimwacha na suruali anayoishona mkononi, akaenda ofisini kwa Mwalim.

Mwalim alikuwa karani wa madaftari, mtu wa miwani na makoti, aliyeamini kwamba kisiwa kizima kimo ndani ya kabati lake na kilichoko nje ni nakala tu. Alisikiliza, akachukua ufunguo shingoni, akatoa madaftari ya uzazi ya Kiuyu kuanzia mwaka wa ishirini na sita.

"Mwaka wa thelathini na moja usiniulize," alisema. "Mchwa wameula."

"Nataka ishirini na tisa."

Walisoma mpaka adhuhuri. Jaribu walimpata mmoja, kumbe ni Jaribu bin Mgeni, ambaye Mwalim alimjua vizuri kwa kuwa humuuzia pweza kila Jumatatu. Jaribu bin Pandu hakuwamo.

"Hakuandikishwa," alisema Mwalim. "Watu wa mashamba walikuwa hawaandikishi. Wakija hapa walikuja kwa kuburutwa."

"Dada yake je? Siti binti Pandu. Na nduguye Mjaka."

Mjaka hakuwamo. Siti naye hakuwamo katika Kiuyu, na Shaame alikuwa ameshavaa kofia yake wakati Mwalim, kwa kuwa hapendi kushindwa na karatasi, alipofungua daftari la Wesha.

"Huyu hapa!" Kidole kilisimama. "Siti binti Pandu bin Mjaka. Mama, Kazija. Kazaliwa Wesha, tarehe tatu Machi, elfu moja mia tisa ishirini na saba. Ameleta habari mkunga."

Shaame alikaa tena. "Wesha?"

"Wesha, wino wa serikali."

"Msahafu unasema kwa Ngwali, na Ngwali ni wa Kiuyu. Hebu nihesabie. Saba Ramadhani, arubaini na tano, ni lini kwa kizungu?"

Mwalim alikuwa akiisubiri siku ya kuulizwa swali kama hilo. Alitoa karatasi, akahesabu miezi kwa viungo vya vidole, akafuta, akahesabu tena. "Kumi na moja Machi."

"Huyu anasema tatu."

"Siku nane. Baba kachelewa kuandika. Kalamu hana, wino hana, kangoja akaazime."

"Na Wesha na Kiuyu? Hapo pia kachelewa?"

Mwalim alivua miwani akaipangusa. "Sikiliza. Kwa Ngwali palikuwa na wapaliliaji wengi, au siyo? Basi palikuwa na mabanda. Mabanda hujengwa kwa safu. Safu ya pili, mlango wa tatu, mlango wa nne, mlango wa tano. Pandu alikuwa na milango yake. Mke kashikwa na uchungu safarini Wesha, kajifungua, karudi nyumbani baada ya siku nane, baba kaandika nyumba yake. Ndiyo anwani ya familia hiyo."

"Familia moja milango mitatu?"

"Kila mtoto akizaliwa wamehama mlango mmoja mbele," alisema Mwalim, na hapo hapo akajisikia anasema upuuzi. "Kaangalie misingi. Mabanda huacha mawe."

Shaame hakuridhika, lakini alikuwa hana kingine mkononi. Siku zilizobaki zilikuwa mbili.

*

Ijumaa asubuhi alipiga pedali mpaka Kiuyu, jasho limemlowesha shati lote. Shamba la marehemu Ngwali alioneshwa bila taabu. Ndani yake alimkuta mtu mmoja tu, naye alikuwa juu ya mnazi.

"Hodi!" aliita Shaame.

"Karibu! Jitenge hapo, nangusha!"

Madafu manne yalianguka. Baadaye akateremka mzee mkakamavu, panga kiunoni, miguu imepasuka kwa miaka ya kukwea. Jina lake Jecha, mkwezi wa shamba hilo tangu ujana, na sasa mwangalizi wake pia kwa kuwa warithi wote wako Unguja. Walisalimiana kirefu, afya, watu wa nyumbani, mvua, ndipo Shaame akatoa kijitabu.

"Mzee Jecha, mabanda ya wapaliliaji yalikuwa wapi?"

"Mabanda? Kuno?" Jecha aliangaza kama aliyeambiwa amepoteza kitu. "Kuno hakujapata kuwa na mabanda. Kila mtu alijenga kibanda chake huko bondeni, hovyo hovyo, palipomridhisha. Mwaka wa pili kimeliwa na mchwa."

"Hakuna safu?"

"Safu za nini?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Kuna mtu aliandika: kwa Ngwali, safu ya pili, wa tano."

Jecha alimtazama, akacheka kwa furaha ya kweli. "Yakhe, si umesimama hapo! Safu za minazi! Mashamba yote mengine minazi imeota kama nywele za mwendawazimu, hapa tu imepangwa, maana Ngwali alikuwa mtu wa kupanga. Safu ya kwanza ile ya kisimani. Uno ni wa pili wa safu ya pili. Ndoo nikuoneshe wa tano."

Akamshika mkono, akamwongoza, akihesabu. Wa tatu ulikuwa kisiki kilichopigwa na radi. Wa nne mnazi mrefu, umeinama kidogo. Wa tano ulisimama wima, shina nene, umejaa.

"Wa tatu wa Mjaka," alisema Jecha. "Wa nne wa Siti, maskini. Na uno wa Jaribu. Pandu alipalilia hapa miaka mingi, Ngwali akampenda, akampa ruhusa azike vitovu vya wanawe safu ya pili, kila kitovu na mnazi wake juu. Mtu wa kuja, lakini wanawe alitaka wawe na mahali. Mashimo nimechimba miye, yote matatu."

Shaame aliweka mkono juu ya shina. Hakuwa mtu wa kuonesha furaha kazini, lakini alicheka peke yake. Anwani zilizomsumbua siku mbili zilikuwa mbele yake, zinahesabika, na hakimu akitaka anaweza kuja kuzigusa. Mahali alipoagizwa alikuwa amepapata. Akilini alimwona Jaribu akitoka korokoroni, akamwona na bibi wa Jadida akikimbilia mlangoni na kanga moja.

Jecha alimkatia dafu. Shaame alikunywa nusu yake, akafungua tena kijitabu. Siti. Siti ana mnazi Kiuyu, na daftari la serikali linasema Siti kazaliwa Wesha. Siku nane kati yake. Pandu hakuchelewa kuandika, hakuazima kalamu ya mtu. Kitovu cha mtoto hukauka kikaanguka kama baada ya wiki moja; ndipo baba akakichukua kutoka Wesha, akaja nacho, akazika, na siku aliyozika ndiyo aliyoiandika. Msahafu ule haukutaja hata mara moja wapi mtoto kazaliwa.

"Mzee Jecha," alisema polepole, "siku mliyozika kitovu cha Jaribu, mtoto alikuwepo?"

"Alikuwepo, kabebwa na mamake."

"Mtoto wa siku ngapi? Wa wiki?"

"Wa wiki! Mtoto anacheka, anashika kidole. Nilimpa kidole changu akakivuta. Wa miezi miwili yule, kasoro siku."

"Mbona walichelewa kuzika?"

"Walikuwa safarini. Bi Kazija kwanza kafiwa na Mjaka, kaja kapata Siti kwa taabu, basi mimba ya tatu mamake akamwita akajifungulie kwake. Si ndiyo desturi?"

"Kwa mamake wapi?"

Jecha alinyoosha panga kuelekea magharibi, juu ya minazi. "Ng'ambo huko. Moa, upande wa Tanga."

Shaame aliliweka dafu chini.

"Habari hii nani mwingine anaijua?"

"Ya Moa? Watu wote wamekufa. Miye, na Bi Kazija. Kwani ni vibaya?"

"Hapana, mzee. Si vibaya."

"Maana Jaribu mtu wa hapa. Mnazi si huu?"

"Ndiyo huu," alisema Shaame.

Njia nzima ya kurudi alijadiliana na nafsi yake na kila mara alishindwa. Akiandika Moa, amempeleka mtu ng'ambo kwa mkono wake. Akiandika kwamba Jaribu kazaliwa Kiuyu, ameapa uongo juu ya msahafu, naye ni askari na ni Mwislamu. Mwisho akaona kinjia chembamba katikati, akakishika. Hakimu alitaka aletewe mahali. Ataeleza anwani za msahafu zina maana gani, atanyamaza.

Taarifa yake ilikuwa ukurasa mmoja. Hakuna neno la uongo hata moja ndani yake, na Moa haimo.

*

Jumamosi, robo saa kabla ya saa tano, alimkuta Bi Kazija kwenye ngazi za ofisi, buibui jipya, kashika fundo la nguo.

"Kanzu," alisema bibi. "Nimeshona tu. Usinigombeze."

"Sikugombezi. Bi Kazija, nisikilize. Humo ndani ukiulizwa jambo, jibu hilo hilo tu. Usiongeze chochote."

"Kwani miye mtu wa maneno mengi?"

Shaame alitaka kumwambia zaidi. Lakini kumwambia zaidi ni kumuuliza habari za kujifungua kwake, tena ngazini, watu wanapita. Na tena ni askari anamfundisha shahidi la kusema. "Hapana, mama. Lakini usiongeze."

Chumba kilikuwa kidogo. Hakimu nyuma ya meza, Mwalim pembeni na kalamu, Jaribu kasimama ukutani kati ya askari wawili, kakonda, shati lake lile lile la mwezi wa saba. Mamake alipomwona alijishika kifua, lakini alikumbuka aliyoambiwa ngazini, akakaa.

Shaame aliapa akasoma. Kwamba anwani za msahafu si za nyumba. Kwamba kwa Ngwali ni shamba la Kiuyu, safu ni safu za minazi, wa tatu, wa nne na wa tano ni minazi iliyopandwa juu ya vitovu vya watoto wa Pandu. Kwamba wa tano ni wa Jaribu, tangu Rajabu 1348, sawa na Disemba 1929. Ameuona, ameuhesabu, na mtu aliyechimba shimo yu hai.

Hakimu alisikiliza kidevu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Shaame uchungu zaidi baadaye. "Ajabu," alisema. "Miaka mingapi nafanya kazi hii, sijapata kuletewa mnazi. Sajini, unaniambia kazaliwa hapo?"

"Naeleza, Bwana Hakimu, kitovu chake kimezikwa hapo."

"Na kwa watu wa hapa, kitovu cha mtu kilipozikwa ndipo kwao?"

"Ndipo kwao, Bwana Hakimu. Hakuna atakayebisha."

Hakimu alimtazama Jaribu, akatazama taarifa, akavuta karatasi nyingine na kuchovya kalamu. "Sheria haikutaja minazi," alisema, na alikuwa anatabasamu, "lakini sioni kwamba imeikataza. Mtoto mchanga hazikiwi kitovu mbali na alipozaliwa. Nafikiri basi..."

"Upo bado!" Bi Kazija alikuwa amesimama. Machozi yalimbubujika, na uso wote umefunguka kwa furaha. "Mnazi wa mwanangu upo bado? Umeuona kwa macho yako?"

"Kaa, Bi Kazija," alisema Shaame.

"Niacheni niseme, leo siku yangu! Bwana Hakimu, mnazi ule ni jasho langu miye! Mamangu alisema tukizike huko huko Moa, miye nikakataa. Nikamwambia, mwanangu huyu siku moja asije akaambiwa hana kwao. Nikakitia kwenye kijaluba, nikakifunga hapa kiunoni, siku mbili baharini natapika, mkono siondoi! Nimekileta miye, nimekizika Kiuyu, ili awe wa hapa!"

"Mama," alisema Jaribu kutoka ukutani.

"Nyamaza weye, hukujua kitu, ulikuwa mchanga!"

Hakimu alikuwa ameiweka kalamu chini. Alisema taratibu, kwa heshima. "Bibi, Moa hiyo ni ya upande wa Tanga?"

"Hiyo hiyo, Bwana."

"Na mtoto ulimzalia huko?"

Shaame aliona kanga inapanda chini ya buibui. Kwa dakika nzima aliomba, aliomba kweli, kwamba haya zimzuie kama zilivyomzuia Alhamisi. Bi Kazija alifunika uso mpaka machoni. Kisha akamtazama mwanawe, akaishusha kanga mbele ya wanaume wote wale.

"Huko, Bwana," alisema. "Jumatano, kwa mamangu. Ukitaka jina la mkunga nitakutajia."

Kalamu ya Mwalim iliandika. Hakuna aliyeizuia, maana maneno yalikuwa yameshasemwa, tena mbele ya hakimu. Jaribu alikuwa ameshafahamu. Aliegemea ukuta kama aliyetua gunia, na askari mmoja akamshika kiwiko. Hakimu aliuliza maswali mawili ya baba, kazaliwa wapi, cheti alikuwa nacho, akajibiwa: bara, na hakuwa nacho. Akasema anasikitika sana. Akasaini karatasi ile ya zamani, ya kumrudisha bara, si hii mpya, na Jaribu akatolewa kwa mlango wa nyuma.

Nje, Bi Kazija, aliyedhani masikitiko ya hakimu ni huruma kwa mwanawe, alimshika Shaame mikono yote miwili akaibusu, akamwombea umri, na watoto, na mke mwema, dua moja juu ya nyingine.

"Mbona kapita nyuma?" aliuliza bibi. "Kanzu yake ninayo mimi. Anatoka saa ngapi, nikamwambie Khairiya aweke wali?"

"Bi Kazija. Hatoki."

"Leo?"

"Kesho anapelekwa Wesha. Melini."

Alimtazama kama anasikiliza lugha nyingine. "Lakini nimesema kweli."

"Umesema kweli, mama."

"Na mnazi umeuona."

"Nimeuona. Sheria inataka alipozaliwa. Kitovu haikuuliza." Alivua kofia yake. "Ningekwambia mapema. Niliona haya. Kosa langu, mama, niliona haya."

Bi Kazija alikaa kitako kwenye ngazi, pole pole, fundo la kanzu mapajani. Midomo yake ilirudia kitu bila sauti. Alikuwa anayapitia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, mpaka alipofika kwenye lile. Shaame aliona alipofika. Bi Kazija alimshika upindo wa shati.

"Rudi ndani, mwanangu," alisema. "Wewe ni askari, watakusikia. Kawaambie sikusema."

Nyuma yao Mwalim alikuwa anatoka na madaftari kwapani. Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro, na kazi ya wiki imekwisha. Alivuta mlango, akauzungusha ufunguo mara mbili, akajaribu kitasa kuona kama kimeshika, akapita pembeni yao akishuka ngazi bila ya kuwatazama.

"Kawaambie," alisema Bi Kazija.